Gari Lililozimwa

Barua ile ilinifikia kwenye simu nikiwa dukani kwangu Garsen, nampimia mzee mmoja wa Kiorma dawa ya minyoo ya mbuzi. Aliyenitumia alikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi pale mjini, mwanamke wa Kigiriama ambaye kila mtu alimwita Madam. Mimi na yeye hatukuwa watu wa kutembeleana. Kilichotuunganisha ni gari. Lake na langu yalikuwa ya aina moja, mwaka mmoja, hata rangi zilikaribiana, na mara mbili nilikuwa nimehangaika na mlango wa gari lake sokoni nikidhani ni langu.

Barua ilitoka kwa kampuni iliyoyaunda magari hayo, huko ng'ambo. Ilieleza kwamba chini ya boneti kuna kisanduku cha kompyuta ya breki, na kwamba kisanduku hicho kinaweza kuvuja kwa ndani au kuingia maji, nyaya zikagusana, moto ukawaka. Sentensi moja Madam alikuwa ameizungushia wino mwekundu. Ilisema moto unaweza kutokea hata gari likiwa limeegeshwa na injini imezimwa. Wenye magari waliombwa wayaweke nje, mbali na nyumba, mbali na watu, mpaka watakapotengenezewa bila malipo.

"Umeiona?" aliniandikia.

"Nimeiona," nikamjibu, nikarudi kwenye dawa ya minyoo.

Jumamosi tulikutana kwa fundi, nyuma ya kituo cha mafuta. Tulikuwa watatu, kwa sababu mfanyabiashara mmoja wa mifugo, Msomali wa Bangale aliyekuja Garsen kila wiki kwa shughuli za mbuzi, alikuwa na gari kama yetu. Tulimwita Haji. Fundi alifungua boneti ya gari langu, akapangusa vumbi kwa kitambaa, akatuonyesha kisanduku cheusi kisichozidi ukubwa wa mkate, kimejibana pembeni mwa injini.

"Ndicho hiki," alisema. "Kubadilisha siwezi, sina cha kuweka. Lakini naweza kuing'oa fyuzi yake. Breki zitashika kama za magari ya zamani. Taa moja tu itabaki inawaka kwenye dashibodi."

Haji alicheka mpaka akashika mkanda wake. "Mimi gari yangu inavuka laga, ile mito ya mchanga, kila wiki. Inaingia mchanga, inaingia maji, inabeba mbuzi. Moto iko wapi? Hawa watu wanataka tununue gari mpya."

Mimi nilicheka naye. Madam hakucheka. Alimwambia fundi ang'oe fyuzi ya gari lake palepale, na kuanzia siku hiyo akawa analiegesha katikati ya uwanja wa mpira wa shule, karibu na goli, peke yake kama ng'ombe mgonjwa aliyetengwa. Wanafunzi walimcheka. Walimu wenzake pia.

Sitaki nisemwe kwamba sikufanya kitu. Nilipiga simu Mombasa, kwa wauzaji wa magari mapya ya kampuni ile. Binti aliyepokea alikuwa na sauti ya upole. Aliniuliza nambari ya chasisi, nikamsomea, akaiandika.

"Gari hili hatukuliuza sisi, baba," alisema. "Liliingia nchini likiwa limeshatumika."

"Lakini barua inasema magari yote ya mwaka huu."

"Ni kweli. Ila sisi tunahudumia yale tuliyoyauza. Jaribu kuwasiliana na aliyekuuzia."

Aliyeniuzia alikuwa na yadi Mombasa. Nilipompigia, nambari yake haikupatikana tena, na rafiki yangu aliyepita pale aliniambia siku hizi panauzwa vigae vya sakafu. Basi nikaacha. Fyuzi sikuing'oa, kwa sababu nilikuwa naenda Malindi kuchukua dawa kila baada ya siku chache, na sikutaka askari wa barabarani waone taa nyekundu kwenye dashibodi waanze maneno. Nilijiambia nitaing'oa wiki ijayo. Nikasema hivyo wiki nyingi.

Kisha mvua zikanyesha huko juu, milimani, siku baada ya siku, wakati kwetu jua lilikuwa linawaka kama kawaida. Sisi wa Mto Tana tumezoea mafuriko yanayokuja chini ya anga jeupe. Mto ulianza kupanda taratibu. Siku ya tatu dada yangu alinipigia kutoka Idsowe akasema maji yameshaingia shamba la migomba na sasa yanaelekea mlangoni.

Mama yetu aliishi naye. Alikuwa amepooza upande wa kulia miaka miwili kabla ya hapo, na hakuweza kutembea wala kujigeuza bila msaada. Nilipofika, maji yalikuwa yameshafunika njia. Niliendesha hivyo hivyo, yakipiga milango, nikisikia jinsi yanavyosukuma gari kwa chini. Tulimbeba mama juu ya godoro, tukakunja viti vya nyuma, tukamlaza. Tulipotoka, injini ilikohoa mara mbili tatu, ikaendelea. Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

Watu walihamia kwenye mwinuko kando ya barabara ya lami. Ulikuwa ukanda mwembamba tu wa ardhi kavu, na kila mtu alikuwa pale: watu, mbuzi, kuku waliofungwa miguu, magodoro, masufuria, pikipiki. Mahema ya msaada yalikuwa yamesimamishwa kwa haraka na chini yalikuwa matope. Dada yangu aliingia kwenye hema letu, akakanyaga, akatoka.

"Humu mama hawezi kulala," alisema. "Atapata homa ya mapafu."

Ndani ya gari palikuwa pakavu. Pana godoro, pana madirisha ya kupitisha hewa. Hatukujadiliana sana. Nilisogeza gari mpaka ubavuni mwa hema letu, nikalizima. Mama alikuwa ananitazama kwa jicho lake la kushoto, lile lililobaki na nguvu.

"Gari hili," alisema kwa ulimi wake mzito, "si ndilo yule mwalimu alisema linaungua?"

Nilikuwa nimemsimulia habari ile mwenyewe, kama kichekesho, siku niliyompeleka kliniki.

"Nimeshalizima, mama," nilimwambia. "Gari lililozimwa haliwezi kuungua."

Nilisema hivyo huku nikijua barua ilisema nini. Nilikuwa nimeisoma. Ilikuwa kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Nimejiuliza tangu siku ile kama nilisahau, na jibu ni kwamba sikusahau. Nilikuwa nimechoka na nilitaka lisiwe kweli.

Alikaa ndani ya gari lile siku mbili. Siku ya pili, baada ya adhuhuri, lilikuja lori la unga na maharagwe, watu wakapanga foleni. Dada yangu alikuwa ameshuka kuchota maji ya kufulia. Nilifunga milango ya gari, kwa sababu vitu vyetu vyote vilikuwa mle, nikaacha madirisha yamefunguka upana wa vidole vinne, nikamwambia mama narudi sasa hivi. Alikuwa anasinzia.

Nilikuwa mtu wa saba au wa nane kwenye foleni niliposikia mwanamke akipiga kelele, "Gari! Gari!" Niligeuka. Moshi ulikuwa unatoka kwenye ukingo wa boneti, mweupe kwanza, halafu mweusi. Nilikimbia nikibonyeza kitufe cha ufunguo. Hakikufanya kazi. Nilibonyeza tena na tena. Nilipofika, moto ulikuwa umeshatokeza chini ya kioo cha mbele na rangi ya boneti ilikuwa inavimba. Niliuchomeka ufunguo kwenye mlango wa dereva kwa mkono, ukazunguka, mlango ukafunguka, na moshi uliotoka ulinisukuma nikaanguka kwa nyuma. Kizimamoto kilikuwa chini ya kiti kile. Sikuweza kukifikia.

Haji alikuwa pale. Alikuwa amekuja na magunia ya mchele yaliyochangwa na wafanyabiashara wenzake. Sikumwona alipofika. Nilichokiona ni mtu mrefu aliyevaa kikoi akikipiga kioo cha nyuma kwa nyundo ya kugongea vigingi vya mahema. Kilivunjika pigo la tatu. Alijiingiza mpaka kiunoni, akalishika godoro, akalivuta lote na mama juu yake. Tulimpokea watu wanne. Wengine walikuwa wanamwaga maji ya mafuriko kwa ndoo na masufuria, na wengine wanang'oa hema letu na la jirani kabla hayajashika moto. Baada ya dakika chache gari lilikuwa linawaka lote.

Mama alikuwa hai. Miguu yake ilikuwa imeungua kuanzia magoti kwenda chini, kwa sababu tulikuwa tumemlaza miguu ikielekea mbele. Mguu mmoja hakuusikia, ule uliopooza. Wa pili aliusikia. Kelele zake sitaziandika.

"Ngao," mtu alisema. "Apelekwe Ngao, hospitali."

Gari lililokuwa karibu, lenye mafuta na lenye nafasi, lilikuwa la Haji. Lilikuwa aina ileile. Nilimwona dada yangu, aliyekuwa amerudi mbio na ndoo yake, akilitazama, kisha akinitazama mimi.  Tulimwingiza mama ndani yake. Haji aliendesha, mikono yake imeungua hadi viwikoni, akiushika usukani kwa viganja vilivyochubuka, na njia nzima mimi nilikuwa naangalia boneti. Maji yalipoikata barabara tulihamia boti ya waokoaji. Kule hospitalini walimpokea vizuri. Walifanya walichoweza.

Alifariki siku ya sita, asubuhi, dada yangu akimlowesha midomo kwa pamba. Nilikuwa nimetoka kununua chai. Maneno ya mwisho aliyoniambia yalikuwa ya jana yake, na yalikuwa ya kawaida kabisa. Aliniuliza kama kuku walipona.

Hatukuweza kumzika Idsowe. Kaburi la baba lilikuwa chini ya maji pamoja na makaburi mengine yote. Tulimzika Ngao, kwenye ardhi ya ukoo wa mume wa dada yangu, kati ya watu aliowajua kwa majina tu. Hilo dada yangu hajanisamehe. Kuhusu gari hajawahi kuniambia chochote, na nadhani angeniambia ningepata nafuu.

Madam alikuja mazishini. Baada ya watu kutawanyika tulisimama pamoja, nikamwambia, "Sema tu. Ulinionya."

"Nilikutumia barua," alisema. "Nilikuona unacheka kwa fundi nikanyamaza. Nilikasirika kwamba mnanicheka, nikajisemea basi, shauri yao. Ningeweza kuja dukani kwako. Ni hatua mia mbili kutoka shuleni."

 Tuliendelea kusimama.

Niliiandikia ile kampuni ya ng'ambo. Nilieleza kila kitu, nikaweka picha za gari lililobaki chuma kitupu. Walijibu kwa adabu. Walisema wamehuzunishwa sana na tukio hilo, na wakanishauri niwasiliane na muuzaji aliyeidhinishwa katika nchi yangu.

Haji mikono yake ilipona, ingawa vidole viwili havikunjiki tena. Nilipokwenda kumshukuru nilimkuta amekaa nje ya duka la binamu yake, na gari lake sikuliona. Nikamuuliza. Aliinamisha kichwa.

"Nimeuza," alisema. "Mtu wa huko juu, mbali."

"Ulimwambia?"

Alivitazama vidole vyake visivyokunjika. "Daktari," alisema, maana ndivyo wafugaji wanavyotuita sisi wauza dawa, "mimi nilitaka tu isikae kwangu."

Mtu aliyeingia motoni kwa ajili ya mama yangu. Nilikunywa chai yake nikaondoka. Nilijua siwezi kumhukumu, na nilimhukumu.

Siku hizi nina nakala za ile barua, nimezichapisha. Nikiwa kwenye kituo cha mafuta nikaona gari la aina ile, namsogelea mwenye gari. Wengi hupandisha kioo. Wengine husema wameshasikia, hizo ni njama za makampuni. Mmoja alitaka kujua namuuzia nini.

Mwezi uliopita lilisimama moja lenye mume na mke, wakielekea Lamu. Mke alikuwa amempakata mtoto mchanga. Mume alinisikiliza mguu mmoja nje, akitazama saa.

"Fyuzi tu," nilimwambia. "Fundi yuko hapo nyuma. Ni dakika kumi."

"Mzee, gari hili nimelifanyia sevisi juzi. Tafadhali."

Mke alinyoosha mkono kupitia dirishani, akaichukua karatasi. Aliisoma yote, midomo ikitembea. Kisha akafungua mlango, akashuka na mtoto wake, akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta wa kituo. Mume alimwita. Alimwita tena kwa ukali. Yule mama hakujibu wala hakusogea, alimfunika tu mtoto kichwa kwa leso. Mume alikaa kwenye usukani, injini ikinguruma, watu wa nyuma wakimpigia honi wakitaka nafasi. Hatimaye aliuzungusha usukani, taratibu, kuelekea kwa fundi.