Saruji Iliyoshika Jino Langu

Enzi zetu pale Kirushya, gari letu lilikuwa gome la mgomba. Unalikalia juu ya mlima, wenzako wanakusukuma, unateremka hadi kwenye shamba la maharage huku unapiga kelele. Breki ilikuwa visigino. Watoto wa siku hizi wanaendesha magari ndani ya simu, hata vumbi hawalijui! Siku moja breki zilinigomea, nikavaana na jiwe, jino la mbele likabaki nusu.

Wakati ule jino bovu lilikuwa na dawa moja tu, kung'olewa. Shangazi alisema hivyo, na majirani pia. Mama akakataa katakata. Yeye meno yake ya mbele yaling'olewa angali msichana, na tangu hapo alicheka akiziba mdomo kwa kitenge. "Huyu hatacheka kwa kujificha," alisema. Akanipeleka hospitali, daktari wa meno akalivisha lile jino nusu kofia ya kulifunika, nikarudi naringa kama bibi harusi.

Sasa nani alinituma kumenya muwa kwa meno? Kofia ikatoka. Baba mdogo, fundi baiskeli, akasema hiyo kazi ndogo. Akaisugua kwa msasa, akapaka gundi ya kuzibia pancha, akaipuliza, akabandika. Haikumaliza hata ugali wa jioni. Mate yaliibandua, na mdomo wangu ukabaki unanuka tairi.

Mama hakugombana na mtu. Alfajiri tukashika tena njia ya hospitali, kwa miguu. Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akakwangua gundi yote, akalizungushia jino pamba mpaka likakauka, ndipo akakoroga unga na dawa yake ya maji juu ya kioo.

"Saruji hii inataka pakavu kwanza," alimwambia mama. "Na iwe nyembamba. Ikiwa nene, kofia itakaa juu, kila akiuma ataumia. Ikishashika, mate hayaiwezi kirahisi."

Akabandika, nikauma pamba. Akanionya nisitafune kitu kigumu mpaka kesho yake. "Na wewe mama, nikuangalie?"

"Yangu yalishakwenda," mama alijibu. "Shughulika na la huyu."

Nimeambiwa nisitafune, mimi nikajiongezea: nisiseme! Njia nzima nimebana midomo. Tukakutana na wazee wanatoka kanisani, nikapiga goti bila shikamoo. Jamani! Mzee mmoja akasimama kabisa. "Mama, huyu mtoto amelelewa wapi?"

"Tusamehe, baba," mama akasema kwa adabu. "Saruji inashika."

Wakaangaliana. Nyumbani wenzangu walichoma mahindi, harufu ikanijia puani, sikufungua mdomo. Niliapa ile kofia haitoki tena, na kweli mpaka leo ipo.

Sasa naishi Biharamulo, nina watoto. Juzi nilimpeleka kitinda mimba wangu kuzibwa jino. Wakamkaushia dawa kwa taa ya bluu, mara moja tu, tukapanda pikipiki. Hata hatujafika nyumbani anadai miwa! Nikamnyima, akalia. Na mimi machozi yakanitoka, maana nilimkumbuka mama, tuliyemzika mwaka juzi. Mwanangu ana hospitali ya karibu, ana taa, ana pikipiki. Mimi sikuwa na hata kimoja. Nilikuwa na mama.