Mpigapicha wa Keza Aliyemfumbisha Mzee Macho

Saa moja na nusu asubuhi, ukungu ungali umelalia migomba ya Bukiriro, wilayani Ngara. Projestus Nduwayo amepiga magoti kwenye sebule ya watu, anafunga taa ya flashi kwenye mpini wa jembe kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Mbele ya taa anatandaza shuka jeupe alilolishona kwenye fito mbili. Mkewe, Ineza, amesimama kando akisubiri kukabidhiwa mpini, maana kazi yake leo ni kuushika na kunyamaza.

"Andika kwanza kwamba siku ile mjinga alikuwa mimi," Projestus anamwambia mwandishi bila kuinua kichwa. "Si mvua, si kamera. Mimi."

"Na mimi nilikuwepo?" anauliza Ineza.

"Hukuwepo. Ungekuwepo tungekuwa wajinga wawili."

Anacheka peke yake, kisha kicheko kinamkatikia. Nyumba hii ameikwepa miaka miwili. Njia inayopita mbele yake ameizunguka kwa kupitia mashambani, hata akiwa na mzigo kichwani.

Projestus ana miaka 36. Ni mkulima wa maharage na mahindi kata ya Keza, na kwa miaka tisa amekuwa akipiga picha za vitambulisho, kipaimara na harusi ndogondogo. Mwezi ukiwa mzuri kamera humwingizia kama shilingi laki moja na ishirini. Msimu wa palizi ukifika, hata elfu thelathini anaweza asizione.

Kilichomkosesha raha hakikuwa kipato, ilikuwa picha moja.

Miaka miwili iliyopita aliitwa kwenye sebule hii hii kumpiga picha Mzee Hakizimana, mkulima wa kahawa aliyekuwa na miaka 81. Mzee hakuwa na picha yoyote zaidi ya ile ya kitambulisho, ndogo kama ukucha. Alivaa koti la sherehe, akakaa wima, mikono magotini.

Wakati huo flashi ya Projestus ilikaa juu ya kamera, ikimtazama mtu usoni. Wazee walikuwa wakipepesa macho ikiwaka, hasa wenye mtoto wa jicho. Basi akajitungia ujanja aliojisifu nao Keza nzima: anamwambia mzee afumbe macho, yeye anahesabu, na kwenye tatu mzee anafumbua.

"Mvua ilikuwa inakuja na pikipiki nilikuwa nimeiazima," anasema. "Nikabonyeza kwenye mbili. Kioo cha nyuma ya kamera kilikuwa kimepasuka, sikuona nilichopiga. Nikamwambia, 'Mzee, umetoka vizuri sana.' Akanipa mkono. Akanishukuru."

Picha haikusafishwa mapema. Siku kumi na sita baadaye Mzee Hakizimana akafariki, na familia ikatuma mtu mbio kuifuata. Projestus akakimbilia mjini Ngara kuisafisha, na huko ndiko alikoiona kwa mara ya kwanza: uso unang'aa kama umepakwa unga, kivuli cheusi kimesimama ukutani nyuma ya bega, na macho yamefumba.

Nyingine hakuwa nayo. Mazishi yalikuwa saa nane.

Siku hiyo mjukuu alitangulia jeneza ameshika picha ile kifuani, kama ilivyo desturi. Projestus alisimama nyuma kabisa, kofia ameishusha. Wanaume wawili mbele yake wakanong'ona. Mmoja akauliza, "Kwani hii walimpigia mochwari?"

Baada ya kaburi kufukiwa, mjane, Magdalena, alimfuata pale pale aliposimama. Hakupaza sauti.

"Miaka hamsini na mitatu mwanaume yule aliniangalia," alimwambia. "Wewe umeniachia anayelala."

Akageuka, akaenda kukaa na wenzake.

Wiki iliyofuata Projestus alifunga kamera kwenye mfuko wa rambo na kusafiri hadi Runazi, wilayani Biharamulo. Alikwenda kumuuzia Mhoja, mpigapicha wa harusi ambaye familia yake ilihamia huko kutoka Shinyanga. Mhoja hakuuliza bei. Alizitazama picha zilizokuwamo, moja baada ya nyingine, akasonya.

"Ndugu yangu, wewe huwapigi watu picha," alisema. "Unawamulika kama panya kwenye ghala."

"Ndiyo maana nauza."

"Uza mbuzi, kamera rudi nayo. Taa itoe kwenye kipaji cha kamera, ipeleke pembeni. Mtu hapigwi na jua puani kutwa nzima, kwa nini umpige na lako?"

Mbuzi wawili wakauzwa kweli, na fedha akampelekea Mhoja. Projestus akarudi Keza na flashi kuukuu ya Mhoja, pamoja na kidude kidogo kinachokaa juu ya kamera na kuiamsha ile taa kwa mbali, bila waya. Mhoja alimpa somo la saa moja tu. Yaliyobaki aliyatafuta nyumbani mwake kwa miezi saba, na wa kuyafanyia majaribio alikuwa Ineza.

Kwanza aliiweka taa chini, karibu na meko. Ineza akatoka na matundu ya pua yanawaka na macho yamezama.

"Nilifanana na mtu anayechungulia shimo la choo," anasema Ineza.

Kisha akasikia kwamba taa inaweza kugeuziwa ukutani ili mwanga urudi ukiwa mpole. Ukuta wao ulipakwa rangi ya bluu. Mama mkwe, aliyekuja kuwatembelea na kukalishwa kwenye kiti bila kuulizwa, akatoka wa bluu kuanzia shingo hadi kwenye kilemba. Aliitazama picha, akauliza kama mkwe wake anajua ugonjwa huo unatibiwa wapi.

"Ilifika mahali nikamwambia, ukiniwashia tena kabla sijamaliza kuchambua maharage, jioni utakula picha," anasema Ineza.

Ni hayo maharage yaliyomfungua macho. Asubuhi moja Ineza alikaa karibu na mlango kuyachambua, kwa sababu ndani kulikuwa na giza. Projestus alikuwa anatoka na jembe. Akasimama.

Mwanga wa nje ulimwingia mkewe kwa upande, kutoka juu kidogo ya kichwa. Shavu moja lilikuwa na nuru, la pili lilififia polepole. Hakukunja uso wala kupepesa. Na ndani ya kila jicho kulikuwa na kimlango kidogo cheupe.

"Nimeishi kwenye nyumba hiyo miaka yote, sikuwahi kuuona mwanga ule," anasema. "Wazee wote wa kwetu hukaa mlangoni. Mimi nilikuwa nawatoa pale, nawaegemeza ukutani, halafu nawachoma macho."

Tangu siku hiyo anaweka taa pale ambapo mlango ungekuwa, nyuma ya shuka. Hahesabu tena. Kioo cha kamera alikitengeneza kabla hata ya paa la jiko, na haondoki nyumbani kwa mtu mpaka mwenyewe aone picha na aridhike. Kwa namna hiyo amewapiga picha wazee arobaini na mmoja, wote wa Keza.

Bukiriro hakuthubutu kupiga hata mmoja. Hadi siku tatu zilizopita, alipopigiwa simu na Domisiana, binti wa Magdalena. Mama yake, mwenye miaka 77, ana uvimbe tumboni. Jumatatu anasafirishwa kwenda kufanyiwa upasuaji hospitali ya rufaa, na madaktari hawakuficha kwamba kwa umri wake si jambo dogo. Ameomba picha, na ametaja jina la mpigapicha.

"Nilidhani amekosea namba," anasema Projestus.

Wa kwanza kuingia sebuleni, pamoja na Domisiana, ni Laurian, mdogo wa marehemu. Anamtazama Projestus, anautazama mpini wa jembe wenye taa, haitikii salamu.

"Domisiana, huyu si ndiye aliyemzika kaka kabla hajafa?"

"Ndiye, baba mdogo."

"Ngara nzima imeishiwa wapigapicha?"

Ineza anaubana mpini kwa mikono miwili. Pazia la chumbani linafunguka na Magdalena anatoka taratibu, ameshika ukuta. Amevaa kitenge cha kijani na rozari shingoni, na tangu mwezi uliopita amepungua sana.

"Shikamoo mama," anasema Projestus.

"Marahaba." Anakaa, anapumzika kidogo, ndipo anamgeukia shemeji yake. "Mwingine angekuja anajiamini, Laurian. Huyu mwangalie mikono inavyomtetemeka. Hawezi kukosea."

Projestus anamsogeza Ineza na taa yake hatua moja. Juu kidogo. Anabonyeza. Taa haiwaki.

"Mnaona," anasema Laurian.

Betri zimelala kwa baridi ya alfajiri. Projestus anatoa nyingine mfukoni, moja inamponyoka na kubingirika hadi miguuni kwa mama. Magdalena anaizuia kwa kandambili.

"Usiharakishe," anamwambia. "Leo hakuna mvua."

Mara ya pili taa inawaka nyuma ya shuka, laini, kama mtu amefungua mlango na kuufunga. Magdalena hapepesi. Projestus anapiga tena, na tena, kisha anampelekea kamera akiwa amepiga magoti.

Mama anaishika kwa mikono miwili. Anaitazama muda mrefu, hata Domisiana anaanza kujifuta macho kwa ncha ya khanga.

"Kovu langu limeonekana," anasema hatimaye, akigusa juu ya nyusi ya kushoto. "Niliangukia mawe kisimani nikiwa msichana. Mzee alikuwa akinitania nalo."

"Nilifute, mama? Mjini wanaweza kulifuta."

"Likifutwa, picha hiyo utampelekea mama yako."

Kwa mara ya kwanza asubuhi hii Projestus anacheka bila kusita. Atakwenda mjini sasa hivi kusafisha picha, anasema, arudi nayo kwenye fremu kabla ya jioni. Na mama akirudi salama kutoka hospitali, ataomba ruhusa ya kuipita Bukiriro nyumba kwa nyumba, kwa kila mzee asiye na picha. "Nataka watundikwe ukutani wakiwa bado wanakula ugali," anasema. "Wajukuu wawazoee hivyo."

Laurian amesimama mlangoni, anatikisa kichwa.

"Mtu yu hai, mnamtundika? Itieni sandukuni, shemeji. Picha kubwa namna hiyo inajulikana kazi yake. Ni ya jeneza."

Magdalena anarudisha kamera kwa mwenyewe, anajifunga kitenge vizuri.

"Ya jeneza ya nini, Laurian? Siku hiyo si nitakuwemo mwenyewe?"