Damu ya Mfaume Ilivyopanda Treni

Bucha la Mfaume lilikuwa Ng'ambo, mjini Tabora, karibu na njia iendayo sokoni, na waliofika pale walikuwa wa aina mbili: waliofuata nyama, na waliofuata kumtazama Mfaume akiikata. Alikuwa mtu wa miraba minne. Shati la dukani halikumwingia. Fundi cherehani alilazimika kumtilia viraka vya upana makwapani. Ubavu mzima wa ng'ombe aliushusha begani kama mtu anayevua koti. Babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, mbeba pembe za ndovu kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo, na katika nyumba yao nguvu zilisimuliwa jinsi nyumba nyingine zinavyosimulia mifugo au elimu.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Hilari, mzaliwa wa Urambo, Mkatoliki, fundi wa mabehewa pale stesheni. Walijuana siku ya mashindano ya kuvuta kamba, watu wa reli kwa watu wa mjini. Hilari alikuwa nanga ya upande mmoja, Mfaume nanga ya upande wa pili. Kamba ilisimama tuli kama imepigwa msumari, mpaka mwamuzi akachoka akasema sare. Wawili wale wakalala chini wakihema, wakatazamana, wakaangua kicheko. Tangu siku hiyo hawakuachana.

Hilari alileta ekseli kuukuu na magurudumu ya toroli la reli yaliyokwisha kutupwa, wakayaweka uani nyuma ya bucha. Kila baada ya swala ya alasiri walikuwa hapo wakinyanyua vyuma na kutunisha misuli mbele ya kioo cha kabati alichokitoa mke wa Mfaume, Sikuzani, kwa shingo upande. Na walikula! Nundu ya kuchoma, samli kwa kijiko, mayai mabichi yaliyopasuliwa moja kwa moja kinywani. Waliamini kwamba mwili mkubwa hujengwa kwa mafuta, kama nyumba inavyojengwa kwa udongo.

Ulipokaribia mwaka wa kumi wa Uhuru, kamati ya sherehe iliwachagua wote wawili waonyeshe nguvu zao uwanjani, tarehe tisa Desemba. Walifurahi mno, wakaanza mazoezi mapema, kiangazi kikali cha mwezi wa tisa kikiwachoma migongo. Alasiri moja Hilari alinyanyua chuma juu ya kichwa, akakishusha taratibu, akacheka.

"Leo chuma kimekuwa chepesi, Mfaume. Au ni mimi nimekuwa mzito?"

Akaketi juu ya kasha, akaegemea ukuta. Mfaume akaenda kumchotea maji. Aliporudi na kata mkononi, Hilari alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesinzia, na kuitwa hakuitika tena.

Mfaume alibeba jeneza la rafiki yake mpaka makaburini, akarudi nyumbani, na ndipo shida yake mwenyewe ilipoanza. Alianza kuusikia moyo wake. Maisha yake yote moyo ule ulipiga bila kumsumbua. Sasa akiketi anausikia, akilala anausikia, akimpimia mteja nyama anapoteza hesabu kwa kuusikiliza. Halafu kikaja kichomi upande wa kushoto wa kifua. Vyuma akaviacha. Aliyemwuliza alijibiwa kwamba bega limeteguka.

Asubuhi moja alikuwa akipasua moyo wa ng'ombe, kazi aliyoifanya tangu ujana bila kuifikiria. Ulikuwa umevikwa mafuta ya manjano pande zote, mazito kama udongo wa kiambaza. Mfaume akausimamisha ubaoni akautazama. Mteja akasema, "Nipe huo." Mfaume hakusikia.

Nyumbani Sikuzani alikuwa amekwisha kujua. Mwanamke anayelala na mtu hadanganywi kwa habari za bega.

"Baba Zamda," alimwambia, "bega lako linakufanya ushike kifua?"

Ikabidi aseme. Basi kila mtu akawa na dawa yake. Mwanamkuu, shangazi yake Sikuzani, alishikilia kwamba ni kijicho cha watu, na kwamba kule Goweko yuko mganga anayeondoa kijicho kwa siku moja. Mfaume hakwenda huko. Alikwenda hospitali ya serikali, akapanga foleni kama wengine, na daktari kijana akampokea vizuri, akamsikiliza kifua, akampima presha.

"Sisikii baya lolote," alisema. "Presha imepanda kidogo tu."

"Na mafuta katika damu? Nimesikia yanaziba mishipa ya moyo."

"Kipimo hicho hapa hatuna, mzee wangu. Kwa hali niionayo kwako, nisingekuwa na wasiwasi."

Lakini asiye na wasiwasi ni yeye. Wasiwasi ulikuwa wa Mfaume, akarudi nao nyumbani kama alivyokwenda nao.

Aliyemfanya akate shauri alikuwa Bernadeta, mjane wa Hilari. Mfaume alikuwa akimpelekea nyama kila Jumamosi kwenye kota za reli. Jumamosi moja Bernadeta alimketisha.

"Shemeji, umekonda. Watu wanasema bega. Mimi nimekaa na mtu mwenye nguvu miaka mingi, nakujua. Unaogopa."

Mfaume akainama.

"Hilari aliugua homa ya viungo utotoni," Bernadeta akaendelea. "Daktari aliniambia baada ya maziko kwamba homa hiyo iliacha kovu moyoni. Miaka yote hiyo kovu lilikuwamo, wala sisi hatukujua kwamba kuna kupima. Wewe unajua kwamba kuna kupima. Basi kapime, shemeji. Popote panapopimwa. Ukitaka niende nawe, nitakwenda nawe."

Mfaume hakuhitaji kusindikizwa. Palikuwa na daktari wa kulipwa mjini, jina lake Jivraj, Mhindi aliyezaliwa Tabora, akisema Kiswahili cha Ng'ambo kama aliyekulia uani kwao. Huyo, ilisemekana, hupeleka damu za wagonjwa maabara ya watu binafsi Dar es Salaam. Gharama haikuwa ya mchezo, lakini Sikuzani alisema hata sanda haitolewi bure.

Habari hazilali Ng'ambo. Kabla Mfaume hajafika kwa daktari, mzee Shaban, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amesimama mlangoni mwa bucha na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee Shaban."

"Marahaba. Mfaume, wewe ni mtu wa chama. Siku ya Uhuru utasimama mbele ya mkoa mzima kuonyesha nguvu za wananchi. Sasa nasikia wananchi tukapange foleni hospitali ya serikali, wewe wamwendea daktari wa kulipwa. Siku hizi za Ujamaa, jambo hilo lina sura gani?"

"Foleni nilipanga, mzee, na nilipokewa vizuri sana. Kipimo ndicho hakipo. Siku kitakapoletwa, nitakuwa wa kwanza katika foleni, na wewe utanikuta hapo."

Mzee Shaban akatikisa kichwa, akachora chini kwa fimbo. Halafu akatazama huku na huku, akasogea.

"Na hicho kichomi chako, kinakuja ukiwa umekaa au ukipanda mlima?"

"Hata nikiwa nimekaa."

"Mimi changu nikipanda. Basi… ukirudi, uniambie alivyosema."

Ramadhani ilikuwa imeingia Mfaume alipofika kwa Daktari Jivraj. Daktari alikuwa mtu mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikioni.

"Nipime yote, Daktari," Mfaume alisema. "Kila kilichomo ndani ya damu, kipime."

"Damu si gunia la karanga, Bwana Mfaume, useme tulimwage chini tuchambue. Niambie kwanza unaogopa nini, unakula nini, na nani amekufa kwenu."

Mfaume alisema yote, kuanzia babu mpagazi aliyekufa mzee wa meno yote kung'oka, mpaka Hilari. Alipofika kwenye samli na nundu, daktari akavua miwani.

"Kwa kijiko?"

"Kwa kijiko."

Wakachagua pamoja. Mafuta ya damu, kwa sababu ya kijiko. Sukari. Figo, maana mla nyama nyingi huzichosha. Wingi wa damu. "Na kaswende," daktari akamalizia.

Mfaume akainuka, na kiti kikainuka naye. "Daktari! Mimi nina mke na watoto!"

"Keti. Ugonjwa huo ukikaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa, hula mshipa mkubwa utokao moyoni. Sikushuku wewe. Angekuja padri kwa habari ya moyo, padri naye ningempima."

Mfaume akaketi, akacheka bila kutaka. Kicheko chake cha kwanza tangu maziko.

"Jambo jingine ulijue mapema," daktari alisema. "Damu haisemi yote. Mtu aweza kuwa na damu safi na moyo mgonjwa. Rafiki yako pengine damu yake ingeonekana nzuri tu. Ndiyo maana kabla ya sindano nitasikiliza."

Akamsikiliza mbele na nyuma. Akamchuchumalisha na kumsimamisha mpaka jasho likamtoka, akasikiliza tena. Kisha akabonyeza kidole ubavuni kushoto, na yule jitu aliyezoea kubeba ng'ombe akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Ndipo hapo kichomi?"

"Ndipo!"

"Moyo haubonyezeki kwa kidole, Bwana Mfaume. Hapo ni msuli na mbavu. Lakini tusimalize maneno kabla damu haijasema. Usinyanyue kitu kizito juma zima, maana misuli iliyochoshwa humwaga takataka zake katika damu, tukasoma uongo. Halafu uje alasiri. Saumu imetuondolea kazi. Sina haja ya kukwambia usile."

Mfaume alimwuliza kwanza maalim wa msikitini kama kutolewa damu hufunguza. Alipoambiwa hakufunguzi, alikwenda. Aliyechinja mamia ya ng'ombe akageuza uso ukutani sindano ilipoingia.

Damu ikawekwa ndani ya thamosi yenye barafu, ikakabidhiwa Masolwa, gadi wa treni, aliyekuwa amefanya kazi na Hilari. Masolwa aliipakata kama mtoto mchanga. Jioni ile Mfaume alisimama stesheni akalitazama behewa la mwisho likipotea kuelekea mashariki. Babu yake aliikanyaga njia hiyo kwa miguu miezi mitatu na pembe begani. Leo damu ya mjukuu ilikuwa inaifuata ikiwa imekaa kitako.

Majibu yalikuja kwa simu. Daktari alimtuma mtu amwite, kwa kuwa maabara walikuwa wameahidi kupiga siku hiyo. Mfaume aliketi kwenye benchi, mikono katikati ya magoti. Simu ilipolia ilikuwa na mngurumo kama mvua kwenye bati, na daktari akawa anapiga kelele kwa Kigujarati. Mfaume hakuelewa hata neno. Alikitazama kinywa cha daktari, kisha nyusi zake. Nyusi zilipanda. Daktari akasema "Achha," akasema tena "Achha" kwa sauti ya chini, na Mfaume akaanza kutoa shahada moyoni. Halafu daktari akacheka na yule wa upande wa pili, akauliza jambo jingine kwa kirefu, akaweka simu.

"Daktari, umecheka."

"Amenieleza mkewe amejifungua mapacha."

"Na mimi?"

"Wewe?" Daktari akamgeukia, na uso wake ulikuwa mchangamfu. "Sukari, nzuri. Figo, nzuri. Damu yako nyingi, hata ungeweza kuuza. Kaswende, hakuna, nenda kamwambie mkeo kwa kichwa juu. Mafuta ndiyo yamezidi. Hayajafika pabaya, lakini yamezidi, na ukiendelea na kijiko chako, baada ya miaka tutaongea mengine. Nilivyokusikiliza na nilivyosikia sasa, sioni ugonjwa wa moyo. Kichomi ni msuli, na kilichobaki ni msiba. Umemlilia rafiki yako kwa kifua badala ya macho."

Mfaume alifungua kinywa amshukuru, na macho yake yakatangulia. Alilia palepale kwenye benchi, mabega yale makubwa yakitetemeka, na daktari akamwacha alie, akajifanya anatafuta kalamu.

Alipotoka nje mvua za kwanza zilikuwa zinaanza kudondoka, harufu ya vumbi lililolowa ikapanda njia nzima. Akatembea ndani ya mvua bila haraka. Kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi alifika nyumbani bila kuusikia moyo wake, na hata hakutambua mpaka Sikuzani alipomwuliza mlangoni, "Vipi?"

"Mzima," alisema. "Ila samli tumeachana."

Sikuzani akapiga kigelegele mpaka majirani wakatoka.

Siku ya Idd walikwenda wote kwa Bernadeta na sinia la pilau. Mfaume alimweleza yote, pamoja na kwamba kupima damu huenda kusingemwokoa Hilari, ila sikio la daktari pengine lingemwokoa. Bernadeta alisikiliza mpaka mwisho, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mimi nimefurahi," alisema. "Mmoja tumemzika, mmoja tumebaki naye. Leteni sahani, watoto wana njaa."

Na tarehe tisa Desemba Mfaume aliingia uwanjani peke yake. Hakuchukua chuma kizito kuliko vyote. Alichukua cha kadiri, akakinyanyua, akakishikilia mpaka bendi ikamaliza kibwagizo, akakishusha mwenyewe kwa utulivu. Wako walionung'unika kwamba walitegemea kikubwa zaidi. Mzee Shaban, ambaye juma lililotangulia alikuwa ameonekana akiingia kwa Daktari Jivraj kwa mlango wa nyuma, aliwanyamazisha kwa fimbo.

Uani nyuma ya bucha vijana walizidi kuja, kutoka Ng'ambo hata kota za reli. Mfaume aliwapokea wote, lakini hakumpa yeyote chuma kabla hajakwenda kusikilizwa kifua hospitalini, na mwenye kuona haya alimsindikiza mwenyewe mpaka kwenye foleni. Aliuza nyama mpaka ndevu zikawa nyeupe. Nundu aliwauzia wengine.