Manifoldi ya Gari la Baba Mkwe

Kailemia ni fundi wa polepole, na upolepole wake umenikera kwa miaka kumi na miwili. Vibanda vyetu hapa Makutano vinatenganishwa na bati moja tu. Mimi, Idrisi, ni fundi wa waya. Mteja akija na taa zilizokufa, anaondoka kabla chai yake haijapoa. Kailemia akifungua injini, unaweza kwenda Maua na kurudi ukamkuta bado anapangusa bolti. Ufundi aliuanzia kwenye mashine za kusaga mahindi, na husema mashine ya kusaga haina msamaha.

Ana mtindo wake ambao hakuna mwingine hapa anao. Kila klipu anayoivua kwenye hosi, yale mabomba ya mpira, huivisha kidoleni, mpaka mkono wa kushoto unajaa mapete kama wa bibi harusi. Kazi ikiisha na kidole kingali na klipu, anajua amesahau mahali. Kisha hulipeleka gari mwenyewe mpaka Gitimbine na kurudi, redio imezimwa, akisikiliza. Tumemcheka sana kwa hilo, lakini hakuna mteja aliyewahi kurudi akimlaani.

Mwezi wa saba, baba mkwe wake, Mzee Ngari wa Kanja, upande wa Embu, alileta stesheni wagoni yake. Ndiyo anayoletea avokado soko la Gakoromone, na siku hizo ilikuwa inapanda milima kwa kukohoa. Manifoldi yake, lile bomba la matawi manne linaloingiza hewa kwenye injini, ilikuwa ya plastiki na imepasuka. Fundi wa huko kwao alikuwa ameipaka gundi mara tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa, lakini yule alikuwa anaziba kwa ugali.

Kwa mkwewe, Kailemia hakutaka kubahatisha. Alitafuta manifoldi ya alumini, pana zaidi, akaipiga msasa kwa ndani siku nzima ili hewa ipite bila kukwama. Aliniita niingize kidole nipapase ilivyo laini. Nikamwambia hata ndevu zako hujawahi kuzinyoa hivi.

Kitu kimoja tu kilimsumbua. Hewa inayovutwa na manifoldi ndiyo inayosaidia breki. Kuna hosi nene inayotoka hapo hadi kwenye busta, lile duara kubwa lililo mbele ya pedali, na ikichomoka, pedali inakuwa ngumu kama jiwe hata ukiikanyaga kwa miguu miwili. Sasa mdomo wa manifoldi mpya ulikuwa mwembamba kidogo kuliko wa ile ya plastiki. Hosi ingekaa pale kwa hisani ya klipu tu.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, Kailemia alikuwa ameinama na klipu nne vidoleni. Mzee Ngari akatokea, ameshauza mzigo wake, pamoja na Kanini, mke wa Kailemia, ambaye angeenda naye Kanja kumuuguza mamake. Kwa watu wa huku, mkwe hasalimiwi kwa mkono uliojaa vyuma. Kailemia akazivua klipu zote akazitia mfukoni mwa ovaroli, akanawa kwa petroli, akanawa tena kwa sabuni, ndipo akaupokea mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, macho chini. Mzee naye akaangalia kando. Wamejuana miaka kumi na mitano, na sijawahi kuwaona wakitazamana usoni.

"Imebaki kidogo tu, Baba," Kailemia akasema.

"Wewe maliza pole pole, mimi sina haraka. Ni vile tu mama yake amebaki peke yake."

Kutoka kwa mkwe, hayo ni maneno ya mtu anayekuhimiza. Kailemia akarudi kwenye injini, akachomoa klipu mfukoni, moja, mbili, tatu, akazikaza. Akawasha gari. Likaitika mara moja, na Mzee Ngari akafungua mlango wa dereva akaketi. Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Baba, shuka kwanza nilijaribu gari." Lakini angemtoaje mkwe kwenye kiti chake na kumwacha amesimama juani? Akafunga boneti. Mimi niliyaona yote, na badala ya kusema la maana nikatania: "Leo Gitimbine watakukosa." Akatabasamu. Gari likaondoka.

Nusu saa baadaye alivua ovaroli aende kunywa chai, na kitu kikalia sakafuni. Aliinama akakiokota, akabaki vile vile ameinama. Ilikuwa klipu kubwa kuliko zote, ile ya hosi ya breki.

Akapiga simu ya Mzee Ngari. Imezimwa, maana mzee haiwashi akiwa kwenye usukani. Akapiga ya Kanini. Ikalia kibandani kwangu, mezani, ilikokuwa ikichajiwa. Kailemia aliisikia ikilia na bado akaipiga tena, na tena. Nikamnyang'anya simu, nikawasha pikipiki yangu, nikamwambia apande.

Kutoka hapa mpaka Igoji unaweza kuendesha gari lenye breki mbovu na Mungu akakusitiri. Shida ni mteremko wa Nithi. Barabara inashuka kwa muda mrefu, inapinda, na chini kuna daraja. Kila ukoo ninaoujua una jina la mtu aliyebaki pale. Mzee Ngari ana miaka sabini na miwili na miguu myembamba. Pedali ikigoma, hana nguvu za kuilazimisha.

Nilikimbiza ile pikipiki mpaka ikawa inatetemeka chini yangu. Nyuma, Kailemia alikuwa akisema kitu kile kile sikioni mwangu: "Nimemuua mke wangu, Idrisi. Nimemuua kwa mkono wangu." Nilimfokea anyamaze. Nilimfokea kwa sababu nami nilikuwa naogopa, na nilikuwa nasoma kila dua niliyofundishwa madrasa, nikizichanganya.

Tulipofika Nkubu hawapo. Tukasimama, nikamrudishia Kailemia simu, akampigia Kinoti, mwendesha boda wa Igoji ambaye yeye aliwahi kumtengenezea injini.

"Kinoti, simamisha stesheni wagoni nyeupe, iko na kreti za kijani juu! Iwekee hata mawe barabarani!"

"Aki fundi, hiyo imepita sai. Dakika mbili hivi. Mzee anaiendesha mos mos tu, hana haraka."

"Ifuate! Breki haina!"

"Niko na pancha, fundi. Wacha nione kama kuna msee anaweza—"

Laini ikakatika. Alipojaribu tena, Kinoti hakupatikana. Kailemia akapanda, akanishika kiunoni kwa nguvu mpaka nikaumia. Igoji ilipita, na sikuona boda yoyote ikifuata gari lolote. Kila gari jeupe lililotokea mbele lilinipasua moyo, na kila moja halikuwa lenyewe. Tulipofika mwanzo wa mteremko niliona watu wamekusanyika kando ya barabara, kwenye kona ya pili. Kailemia aliruka kabla sijasimama, akaanguka, akainuka, akakimbia.

Gari lilikuwa limelalia ukingo wa udongo upande wa mlima, ubavu mmoja umekwaruzika mwanzo hadi mwisho. Kreti zilikuwa zimetawanyika mpaka katikati ya lami. Mzee Ngari amesimama, damu kidogo kwenye paji la uso. Kanini amekaa nyasini, mkono wa kulia umefungwa kwa leso shingoni, na mkono wenyewe ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Pedali ilipogoma, mzee alirudisha gia chini, Kanini akavuta breki ya mkono mpaka mwisho, wakaligongesha gari mlimani makusudi kuliko kuliachia daraja.

Kailemia akapiga magoti mbele ya mkwewe. "Ni mimi, Baba. Nilisahau klipu. Ni makosa yangu."

Mzee hakushangaa. Alijifuta paji kwa kofia yake.

"Nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini, Baba?"

"Hewa. Ilikuwa inalia sss, kidogo tu. Pale pale Makutano, kabla hujafunga boneti. Kufika Nkubu ikakuwa mingi."

"Na hukusema?"

"Ningesemaje? Mkwe wangu amelala chini ya gari yangu siku mbili. Nimwambie mbele ya watu ya kwamba kazi yake ni mbaya?"

Damu ilinipanda kichwani. Wahenga walisema heshima si utumwa, na nilikuwa nimefungua mdomo niwaambie hivyo wote wawili, na nijiambie na mimi na utani wangu. Lakini Kanini alitangulia. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayebana meno.

"Kwa hivyo mlikuwa mnaheshimiana," akasema, akimgeukia babake, kisha mumewe. "Baba hangeweza kusema, na Baba Mukiri hangeweza kusema. Mlikuwa mnaheshimiana vizuri sana, na mimi niko ndani ya gari."

Pikapu moja ikasimama kumpeleka hospitali Chuka. Kailemia alinyoosha mkono kumsaidia apande, na babake akanyoosha wake. Kanini aliwapita wote wawili, akaushika wangu.