Ukungu Machoni mwa Lukresia

Tangu usichana wake, Lukresia alikuwa na ukungu machoni, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Aliona, alilima, alishona, lakini aliyemtazama kwa karibu alishtuka. Majirani pale Karatu walisema ni moshi wa jikoni. Yeye hakuridhika. Kaka yake Inosenti alikuwa na ukungu uleule, na huyo alikulia malishoni, jikoni akiingia kula tu. Dada zao watatu, waliowasha moto wa jikoni kila asubuhi, macho yao yalikuwa maangavu. Moshi gani huo unaochagua watu?

Mwaka 1982, akiwa na mimba ya tatu, alipelekwa hospitali ya misheni kwa upungufu wa damu. Daktari, Mnorwe aliyekaa nchini miaka mingi, akammulika tochi machoni. Akamulika tena.

"Mama, kwenu nani mwingine ana macho haya?"

"Kaka yangu. Mbona sisi wawili tu, daktari? Tumezaliwa watano."

Damu yake ikapelekwa kupimwa Ulaya. Lukresia alijifungua salama, mahindi yakavunwa, ndipo jibu likaja. Daktari akamweleza taratibu. Kwenye damu kuna kolesteroli nzuri, ambayo hukusanya mafuta yaliyozidi mwilini na kuyarudisha kwenye ini. Ili iweze kubeba mzigo huo, lazima isaidiwe na kimeng'enya fulani kinachotengenezwa na mwili wenyewe. Mwili wa Lukresia haukukitengeneza. Kolesteroli nzuri ikawa karibu hakuna, na mafuta yakajikusanya kidogo kidogo machoni, pengine hata kwenye figo.

"Mwili umeshindwaje?"

"Maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye jeni. Kila mtu ana nakala mbili, moja ya baba, moja ya mama. Zako zote mbili zina kasoro. Wazazi wako kila mmoja ana mbovu moja na nzima moja, na hiyo nzima inawatosha. Dada zako walipata angalau nzima moja."

"Na wanangu?"

"Baba yao ni mtu wa wapi?"

"Kilimanjaro."

"Kasoro hii ni adimu sana. Sidhani kama naye anayo. Wanao watarithi yako moja, lakini macho yao yatakuwa salama."

Hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa mama yake, Cresensia, akamkuta akipepeta maharage.

"Kumbe si moshi," mama alisema. "Na mimi nilivyojilaumu kwa kuchelewa kutoboa dirisha jikoni!" Kisha mikono yake ikasimama. "Kwa hiyo ni mimi niliyewapa?"

"Wewe na baba, mama. Wala hamkujua."

Mama akaweka ungo chini. "Bibi mzaa baba yenu alitoka Baray," akasema, "kulekule kwa babu zangu. Huenda ni ukoo mmoja."

Inosenti alikataa kupimwa, ati haumwi. Lukresia akamsumbua mpaka akakubali. Figo zake zilikuwa zimeanza kuathirika. Dawa ya ugonjwa wenyewe haikuwapo. Alipunguza mafuta na chumvi, akapewa vidonge vya presha, akawa anarudi kupimwa. Aliendelea kuchunga kwa miaka mingi.

Lukresia naye, mtoto alipoacha kunyonya, alikwenda Baray, karibu na Ziwa Eyasi, kuuliza habari za ukoo. Walimpeleka kwa mzee Piusi, binamu wa babu yake, aliyekuwa akiota jua nje ya nyumba yake. Machoni alikuwa na ukungu uleule, Lukresia akamuuliza umetoka wapi.

"Macho yangu? Ni vumbi la Ziwa Eyasi," mzee alisema.

Lukresia akavuta kigoda, akaketi mbele yake. "Babu, wazazi wako walikuwa akina nani?"