Jenerali Aliyekatazwa Kushinda

Enzi zetu, sisi tuliokua Kalemie mji ungali ukiitwa Albertville, vita vilikuwa na adabu. Nasema vita vya mezani. Vile vingine, vya malori na bunduki, adabu yake mliiona wenyewe.

Mwaka wa uhuru, Mbelgiji mmoja aliyefanya kazi na Papa, baba yangu, katika biro, yaani ofisi, ya treni alifunga mizigo kwa haraka hata akasahau sanduku la watoto wake. Papa akalileta nyumbani. Ndani mlikuwa na askari wa bati, urefu wa kidole, nusu wekundu na nusu buluu, wenye kofia za pembe tatu, makoti marefu na soksi nyeupe mpaka magotini. Palikuwa na farasi, mizinga miwili, dadu moja na kijitabu cha masharti kwa Kifaransa. Papa alitusomea kwa sauti ile ile aliyosomea barua za mkubwa wake. Ndipo tukajua kwamba miaka mia mbili nyuma Wazungu walipigana wamesimama wima kwa mistari, kila upande ukingoja kwa heshima zamu yake ya kupigwa.

“Papa, sasa watu ya namna hii walitutawala je?” akauliza Saidi, mtoto wa jirani.

Papa alifunga kijitabu, akasema kesho kuna masomo.

Saidi alitoka katika ukoo wa Waislamu wafanyabiashara wa ziwani. Alichukua wekundu, jeshi la Mfalme wa Moba. Mimi, Feza, nilichukua buluu, jeshi la Mfalme wa Ankoro, kwa sababu Ankoro ni kwao na Mama. Wafalme hao hawajawahi kuwapo duniani, lakini tuliwavika nywele za bandia katika joto letu, nao hawakulalamika. Kitenge cha Mama kilikuwa ziwa, sufuria zilizofudikizwa zilikuwa milima, na matawi ya lengalenga, mchicha wetu, yalikuwa msitu, ambao mara nyingi uliliwa kabla vita havijaisha. Saa sita tulisimamisha mapigano, maana meza ilitakiwa kwa bugali na mikebuka, samaki wa ziwa letu.

Tulipigana kwetu tu. Babu yake Saidi, mzee wa kanzu nyeupe siku zote, alikuwa ameshasema: “Sanamu haziingie mu nyumba yangu.” Kwa hiyo Saidi alikuwa mgeni kila siku, na hapo ndipo taabu yangu ilipoanza. Siku moja nilikaribia kumshinda. Mama akaona mdomo wa mtoto wa watu unatetemeka, akaniita jikoni.

“Feza, mugeni hatoke ku meza yetu na haya. Utamushinda siku utaenda kwao.”

Nikamkumbusha kwamba kwao hatukubaliwi kucheza.

“Basi utangoja,” akasema, akanipa kisu na vitunguu nimenye.

Nikawa bingwa wa kushindwa. Masharti yetu yalisema farasi akiingia majini anapoteza zamu tatu. Basi kila ushindi uliponikaribia, niliwatuma farasi wangu wote kwenye kitenge, kisha nikajipiga kofi la kichwa: “Yangu! Nimesahau ziwa!” Saidi alirudi kwao akiimba. Wenzangu walitamani baiskeli. Mimi nilitamani kushinda mara moja tu, mbele ya watu. Kwa miaka minne Mfalme wa Ankoro hakupata hata kijiji kimoja.

Kisha vita visivyo na zamu vikaingia mjini. Kina Saidi walivuka ziwa, wakaenda kwa ndugu zao Kigoma. Baada ya wiki chache tukawafuata. Meza ilibaki. Mama alibeba sufuria moja na kile kitenge, mimi nikabeba sanduku. Kina Saidi wakatupa chumba cha uani, na Papa wangu, mtu wa biro, akawa anakaa mkekani asubuhi mpaka jioni akiuliza wapita njia kama kuna habari za ng’ambo.

Sanduku nililificha chini ya nguo. Babu yake Saidi akaliona. Alilifungua mbele yangu, akamtoa askari mmoja, akamtazama sana.

“Hawa nao wamekimbia vita,” akasema. “Uwaweke ku baraza. Ndani, hapana.”

Tukatandika mkeka na kitenge, watu wa nyumba nzima wakaja kutazama. Kabla hatujaanza, mama yake Saidi alimwita jikoni. Alirudi ananuka vitunguu.

Alipigana vizuri kweli. Alikuwa amenizunguka pande zote mbili, nikaanza kuhesabu maiti zangu. Ghafla akawakusanya farasi wake wote, akawasukuma kwenye kitenge cha Mama, akajipiga kofi la kichwa.

“Yangu! Nimesahau ziwa!”

Nilishinda. Watu wakapiga makofi. Nikaangua kilio, wakasema ni furaha. Kumbe Saidi alijua siku zote. Na mimi nilikuwa mgeni, mtoto asiye na kwao. Mama alikitazama kitenge chake, akageukia ukutani.

Leo wajukuu wangu wanaua watu mia kwa kidole gumba kabla bugali haujaiva, na hakuna anayengoja zamu. Nikiomba nami nicheze, sijashika simu vizuri wanasema, “Koko, ulikufa.” Juzi walimshinda mtoto wa jirani mara sita, akatoka analia. Niliwaita jikoni. Waliuliza kama kuna chakula.

Tulirudi Kalemie, meza hatukuikuta. Saidi alibaki Kigoma, sasa ni mzee wa kanzu kama babu yake. Namwambia kwa simu, “Saidi, kuja huku, utanishinda.” Naye anacheka, “Hapana Feza, ni wewe utakuja, ushinde wewe.” Tumebishana hivyo miaka mingi, na magoti yetu hayapandi tena boti. Nimetengenezesha meza nyingine, kubwa kuliko ile ya Papa. Farasi wote wapo. Kushindwa bado nakujua vizuri, ila sina mgeni.