Siku Nilipokuwa Mtu wa Mto

Pikapu yetu ilikuwa kijani upande mmoja na kutu upande wa pili. Chama cha kahawa kilikuwa kimeiacha juu ya mawe nyuma ya kiwanda, kuku wanatagia ndani, mpaka wanawake wa mwethya wetu, kile kikundi cha kusaidiana kulima na kujenga, wakaenda kuiomba. Walipewa huku wakichekwa. Mwaka haukuisha kabla gari hilo halijaanza kupanda na kushuka milima ya Mbooni kila Jumanne na Ijumaa likibeba wagonjwa, wala hakuna aliyelipa nauli. Mwenye mbaazi alileta mbaazi, mwenye asali alileta asali, na asiye na kitu alisaidia kusukuma, maana betri ile ilifanya kazi ilipojisikia.

Madereva tulikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mzee aliyestaafu jeshini, ambako aliendesha malori. Wa pili nilikuwa mimi, mwalimu wa shule ya msingi, niliyefundishwa na yeye na kushika zamu wakati wa likizo. Yeye alikuwa mpole. Mimi nina hasira za karibu, na uzee haujaniponya.

Sasa nieleze jambo moja, la sivyo hadithi hii haitaeleweka. Kwetu Ukambani mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Tunaiita nthoni, heshima iliyochanganyika na aibu. Ukimwona anakuja njiani unaingia kichakani, na akikuona yeye kwanza, anaingia yeye. Hamkai chumba kimoja wala hamsemezani, na habari ya kugusana haitajwi kabisa. Nilikuwa nimeoa miaka kumi na mmoja bila kumwambia mama yule neno hata moja, na tulipendana sana kwa njia hiyo. Ndizi zikiiva kwake, mkungu wa kwanza ulikuja kwangu, ukiletwa na binti yake.

Kisha mtoto wa jicho akamfunga macho yote mawili. Viondo alivyosuka vikaanza kuwa na mistari inayopotea njia, naye akaona haya kuvipeleka sokoni Tawa. Akaunguza mkono kwenye jiko. Na njiani nikawa mkimbiaji peke yangu. Nilisimama kichakani, yeye akapita na fimbo yake, akasikia majani yakitikisika, akauliza, "Ni nani hapo?" Nilinyamaza. Kwa kunyamaza kule akajua ni mimi, akaharakisha kuondoka huku akijikwaa kwenye mawe. Iliniuma sana. Siku nyingine nilikaa kichakani kwa muda baada ya yeye kupita, nikijilaumu kana kwamba ni mimi niliyemfunga macho.

Likizo ya Aprili tukasikia kwamba daktari wa macho angefika hospitali ya misheni ng'ambo ya mto, Jumanne moja tu, na orodha ya wagonjwa ingefungwa saa sita. Akishaondoka, hakuna aliyejua angerudi lini. Mzee wa jeshi alikuwa ameahidi kumpeleka mama mkwe wangu. Asubuhi ya Jumanne yenyewe tukamkuta kitandani, malaria imemtikisa mpaka meno. Dereva aliyebaki nilikuwa mimi.

"Kama ni yeye anaendesha, mimi siendi na hiyo gari," mama mkwe alisema. "Nitaenda na miguu."

"Mama, kwa miguu utafika Krismasi," mke wangu akamjibu.

Wanawake wa mwethya hawakungoja mabishano. Walitundika leso kwenye kidirisha kilicho nyuma ya dereva, wakamketisha mama huko nyuma akiwa amenipa mgongo, na mke wangu akakaa naye pamoja na akina mama wawili waliokuwa wanapeleka watoto wachanga kliniki. Wakatusukuma, gari likawaka, tukateremka. Kila nilipokata kona, mke wangu aligonga bati na kunipigia kelele, "Mama anasema polepole!" Hakujua kwamba breki zenyewe zilitaka kukanyagwa mara tatu ndipo zikumbuke kazi.

Tulipofika mtoni nikazima gari. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yanapita juu ya drifti, ile saruji tunayovukia. Nikaingia na fimbo kupima. Yalinifika mapajani. Pikapu ingezimika katikati na kuchukuliwa. Ng'ambo, juu ya kilima, mabati ya hospitali yalikuwa yanang'aa. Ilikuwa saa nne na nusu.

Nikachomeka fimbo ukingoni tuone kama maji yatapungua. Saa tano yalikuwa palepale. Wale akina mama wawili walisema watarudi Ijumaa, kliniki ya watoto haitoroki. Mke wangu akafunga kanga yake vizuri, akasema atambeba mama yake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Nikamwambia kama ana wazimu aniambie mapema.

Mama mkwe alikuwa anasikia yote. Akasema kwa sauti ndogo, "Nirudishe nyumbani, binti yangu. Mimi nimezoea giza."

Hapo hasira zangu zikanitoka. "Mama!" nilipiga kelele, na nilikuwa namsemesha yeye, uso kwa uso. "Hatukushuka mlima wote huu ili urudi na giza lako nyumbani! Panda mgongo!"

Wale akina mama wakaziba midomo. Mke wangu akatazama chini. Nilitamani mto unichukue, mimi na leseni yangu.

Mama mkwe alipapasa, akashika fimbo yake. Kisha akageukia upande wa binti yake. "Huyo anayepiga kelele ni nani?"

Mke wangu hakuchelewa. "Ni mtu wa mto, mama. Wale wa kuvusha watu."

"Ako na adabu?"

"Hapana, mama. Lakini ako na mgongo."

"Basi ainame."

Ile leso ya kidirishani ikakunjwa mara nne na kutandikwa mgongoni mwangu, nguo yake isiguse yangu. Akapanda. Alikuwa mwepesi mno, nikasikia uchungu. Nilivuka nikipapasa saruji kwa vidole vya miguu, maji yakinisukuma mapajani. Katikati nikateleza, nikayumba, nikasimama tena. Akaongea, lakini alikuwa kama anaongea na maji.

"Mtu wa mto, ukiniangusha nitamwambia bwana ya binti yangu. Huyo ni mtu mkali sana."

Nilicheka mpaka karibu tuzame wote wawili.

Ng'ambo nikampa ncha moja ya fimbo yake, mimi nikashika nyingine, tukapanda kilima hivyo, hatua kwa hatua. Tulifika orodha ikiwa mezani bado. Muuguzi akaniuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu mama mkwe: "Huyo ni mtu wa mto tu. Amenivusha." Muuguzi akatutazama kama watu waliopigwa na jua, akaandika jina. Lilikuwa la mwisho.

Jioni maji yalipopungua, mama akiwa amekwisha kupasuliwa macho, mke wangu alivuka kwenda kukaa naye, mimi nikarudisha pikapu. Wiki iliyofuata mzee wa jeshi, akiwa amepona, aliwaleta wote nyumbani. Shule zikafunguliwa. Kila siku nilimuuliza mke wangu, "Anaona?" naye alijibu, "Anasema anaona." Jibu hilo halikuniridhisha. Mama yule angeweza kusema anaona ili tu tusisumbuke.

Jumamosi moja nilikuwa natoka dukani. Mahindi yalikuwa yamepita kimo cha mtu pande zote za njia. Nikamwona mama mkwe kule mbele, mbali, kiondo begani. Kwa mazoea nikajitayarisha kuingia mahindini. Kabla sijainua mguu, yeye akasimama. Akaweka kiganja juu ya macho. Akatazama. Kisha akavuta leso kichwani, akatupa kiondo, akaruka ndani ya mahindi ya jirani kwa mbio za msichana.

Nilisimama pale njiani nikicheka na kulia. Nilipokipita kile kiondo nikainama kukitazama. Kilikuwa kipya, hata hakijamalizika, na mistari yake myekundu na myeusi ilinyooka kutoka juu mpaka chini. Nikakiacha palepale, nikapita haraka ili mwenyewe atoke. Kisha nikakimbia mpaka nyumbani.

"Mama yako amenikimbia!" nikamwambia mke wangu mlangoni. "Kutoka mbali kabisa! Ameniona na akanikimbia!"

Akaweka sufuria chini, akapiga vigelegele, akashika tumbo lake kubwa, akapiga tena. Majirani wakaja mbio kutoka kila upande wakiuliza ni mvulana au ni msichana. Ikabidi niwaambie kwamba mtoto bado, ila mama mkwe wangu amenitoroka, nao pia wakapiga vigelegele.